Mgowe wa Konsolata

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kupewa kitu ulichokililia miaka na miaka, ukasomewa masharti yake, ukayaitikia yote "ndiyo, ndiyo", huku moyo wako unajua kabisa kwamba kuna moja litakushinda?

Konsolata wa Kitandililo aliyaitikia yote. Siku hiyo alikaa benchi ya mbele kwenye ofisi ya kijiji, kitenge begani, kiatu kimoja kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa nailoni wa kushonea magunia, na kila sharti lilipotajwa aliitikia kwa kichwa hata kabla sentensi haijaisha. Aliyekuwa anataja ni Ronald, kijana mrefu kutoka Songea, bwana shamba wa lile Shirika linalonunulia ardhi familia zisizo na shamba. Shirika lilikuwa na jina lake refu la Kiingereza kwenye mlango wa gari, lakini pale kijijini watu waliliita Shirika tu, yatosha.

"Kila familia ekari moja," Ronald alisema. "Mwaka wa kwanza shamba linabaki kwa jina la Shirika. Mtalima, mtavuna, mavuno ni yenu. Desemba anakuja Mama Jasmine, mkuu wetu wa Njombe, anawakabidhi hati. Hapo shamba ni lako, la mtoto wako, na la mjukuu wako."

Watu wakapiga makofi. Ronald akainua mkono.

"Lakini mlime wenyewe, kwa mikono ya nyumba yenu. Usikodishe, usiuze, usiweke watu wakulimie. Nikikuta watu wanakulimia, shamba linarudi. Atapewa anayefuata."

Wote wakageuza shingo kumtazama anayefuata. Alikuwa Pendo, mjane, amekaa benchi ya nyuma karibu na mlango, anamnyonyesha mtoto. Familia zilizopata zilikuwa kumi, na yeye jina lake liliangukia nje ya kumi. Alivuta khanga akamfunika mtoto uso, akaangalia chini kama mtu aliyekutwa anawaombea wenzake mabaya.

Konsolata na mumewe Hilari walipewa ekari yao mteremkoni, chini ya mkaratusi mmoja mkubwa uliobaki peke yake baada ya wenzake kukatwa mbao. Shamba lilikuwa limelala miaka, limejaa sangari, majani yale ambayo mizizi yake ukiikata vipande viwili unakuwa umepanda mara mbili. Mwezi wa tatu Konsolata alilima kipande cha maharage peke yake. Hilari alikuwa Makambako, anashusha mbao kwenye magari, anarudi Jumamosi kwa Jumamosi. Konsolata alilima na homa, akalima na mvua mgongoni, na maharage yakapatikana. Ronald alipokuja kukagua alimsifu mbele za watu. "Mfano wa kuigwa," alisema.

Ilikuwa Oktoba, wakati wa kutifua shamba zima kwa ajili ya mahindi, ndipo Konsolata alipoloweka ulezi.

*

Ulezi ukilowekwa na kufunikwa majani huota vimea vidogo vyeupe, kama ndevu za mtoto wa mbuzi. Konsolata aliuanika kwenye jamvi, akausaga, akaazima nusu pipa kwa mke wa jirani yao Silvesta, akasonga uji wa mahindi kwa mwiko mrefu kama mpini wa koleo. Kufikia siku ya pili harufu ya pombe ya komoni ilikuwa imefika barabarani, na kila apitaye alijua bila kuambiwa.

Janeth, binti yake aliyemaliza darasa la saba, alikuwa anachochea kuni. "Mama," alisema, "si walisema tusiweke watu?"

"Mvua inakuja."

"Mvua bado, mama. Hata mawingu hakuna."

"Chochea moto, Janeth. Moshi unaniumiza macho."

Jioni Konsolata alijifunga khanga nzuri akapita nyumba kwa nyumba. Mgowe, ile kazi ya majirani kulimiana kwa zamu, hauitwi kwa kumtuma mtoto. Mwenye shamba anakwenda mwenyewe, anakunja goti kidogo mlangoni, anaomba.

"Kamwene."

"Kamwene, Mama Janeth. Karibu ndani."

"Sikai. Alhamisi naomba mikono."

"Ya wapi?"

"Shambani kwangu."

Kila mlango waliitika. Nani angekataa? Konsolata alikuwa amelima kwenye migowe yao yote tangu aolewe. Alipofika kwa Pendo alisita kidogo, akasimama mbali na mlango.

"Nimekuja kukuomba," alisema, "ila wewe ukikataa sitakuwa na kinyongo."

Pendo alikuwa anamenya viazi. Aliinua macho, kisu mkononi.

"Kwa nini nikatae? Wewe si ulinilimia mwaka ule marehemu yuko hospitali?"

"Nilikulimia."

"Basi nitakuja na jembe langu."

*

Alhamisi walifika jua halijatoka, upepo wa Makambako unawapiga na vumbi, wanaume wamevaa makoti mazito ya mitumba, wanawake wamejifunga vitenge viwili viwili. Konsolata alipiga jembe mara moja ardhini, kama desturi inavyotaka, kisha akalilaza jembe lake pembeni. Mwenye mgowe akishafungua shamba hashiki jembe tena mpaka mtu wa mwisho aondoke. Akilishika ni kama anawaambia watu hawajui kulima. Kazi yake ni kutembea kingoni na ndoo na kata, kumwangalia huyu na yule, kumpa komoni anywaye na togwa yule aliyeokoka.

"Mama Janeth!" aliita Silvesta, mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. "Komoni hii umeitia maji ya kisima kizima!"

"Lima kwanza, mwenyekiti. Ulimi wako umeshafika mwisho wa shamba, jembe lako bado liko hapa juu."

Walicheka mstari mzima. Bibi Hosiana, ambaye umri ulikuwa umemkunja tayari kwa ajili ya jembe, alianzisha wimbo wa Kibena, wengine wakaitikia, na majembe yakashuka pamoja. Pendo alilima upande wa mkaratusi, kimya, jembe linazama mpaka shingoni, na kila mzizi wa sangari aliuokota akautupa nyuma yake kwenye lundo. Hakuacha hata mmoja. Konsolata alimpelekea togwa mwenyewe, kwa mikono miwili.

Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imeshageuka nyeusi pikipiki iliposimama barabarani. Ronald alivua kofia yake, akabaki ameishika tumboni. Alitazama mstari wa watu, akatazama ndoo, kisha akamtazama Konsolata amesimama kingoni, khanga safi, mikono safi.

"Mama Konsolata. Hawa ni nani?"

"Ni watu."

"Watu gani?"

"Watu wangu, baba. Majirani."

"Umewalipa nini?"

"Nimewalipa?" Konsolata alitazama kata mkononi mwake. "Wanakunywa tu."

"Na wewe mbona hulimi?"

Angeweza kumweleza, na kueleza kwenyewe si kazi kubwa. Lakini watu walikuwa wameacha kulima, wanasikiliza, na ndiyo kwanza asubuhi yake ilikuwa imemnogea. Akajibu lililokuwa kweli.

"Leo mimi silimi."

Usimwone Ronald mbaya. Mwaka uliotangulia, katika kijiji kingine, alimsifu mtu mbele ya wageni kutoka nje, na wiki iliyofuata ikagundulika kwamba yule mtu alishamkodishia shamba mfanyabiashara wa viazi. Dalili ya kwanza ilikuwa hii hii: kundi la watu shambani, na mwenye shamba amesimama pembeni amejitanda. Ronald aliitwa Njombe akasemwa mpaka akatamani kurudi Songea. Mama yake anamtegemea, na mdogo wake yuko chuo.

Silvesta alikuja na kata imejaa hadi ukingoni. "Bwana shamba, karibu. Hii haina ubaguzi."

"Asante, niko kazini."

"Na sisi tuko kazini, ndiyo maana tunakunywa."

Ronald hakucheka. Alitoa simu akapiga picha. Bibi Hosiana, alipoona simu, alijinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu, akatengeneza kilemba, akatabasamu. Wengine nao wakajipanga nyuma yake, majembe mabegani.

"Itatoka gazetini?" aliuliza.

"Itafika Njombe, bibi," Ronald alisema, akawasha pikipiki.

*

Jumamosi Hilari alishuka barabarani na unga wa mbao kwenye nywele na masikioni. Aliliona shamba kabla hajaiona nyumba. Alisimama hapo hapo, begi mkononi, akalitazama lote jeusi, limepasuliwa vizuri, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kitandililo. Kisha akakutana na Haruni.

Haruni ndiye aliyekuwa anawakodishia shamba miaka yote. Alikuwa na desturi yake. Akukodishie pori, uling'oe visiki, uliwekee samadi, na likishakuwa shamba la kupendeza akwambie mwanawe amelitaka.

"Hilari, umerudi," Haruni alisema kwa upole kabisa. "Nasikia mambo yameharibika huko. Usiwe na wasiwasi. Lile pori langu la bondeni sijampa mtu."

Hilari aliingia ndani bila kuvua viatu. Konsolata alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Janeth alisimulia yote, kwa sababu mama yake hakusema.

"Uliita mgowe," Hilari alisema.

"Niliita."

"Ukasikia Ronald akisema watu wasilime, ukaita mgowe."

"Mgowe siyo vibarua."

"Mimi najua siyo vibarua! Haruni anajua! Hata kuku wanajua! Ronald anajua? Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia leo mimi silimi."

Hilari aliketi kwenye kigoda, akashika kichwa. "Mungu wangu. Leo mimi silimi. Kama mke wa mkuu wa mkoa."

Silvesta alipiga hodi akaingia kabla hajakaribishwa, maana alikuwa amekuja na dawa. Alikuwa ameifikiria tangu Alhamisi.

"Sikilizeni. Mama Janeth alikuwa anaumwa. Jumuiya ya kanisa ikamwonea huruma, ikaja kumsaidia mgonjwa. Nani atakataza huruma? Mama Jasmine naye ni Mkristo."

"Amemwona amesimama," Hilari alisema.

"Mgonjwa hasimami? Kiuno! Kiuno kikikaza hukai wala huinami. Unasimama tu, kama yeye alivyosimama. Mimi mwenyewe nitasema, na watu nitawaambia."

Hilari alifikiri. Hakuwa mtu wa uongo, lakini alifikiria bonde la Haruni, visiki vyake, na mabega yake yeye ambayo sasa usiku yalikuwa hayalali. "Ni neno moja tu," alimwambia mkewe. "Utaulizwa, utasema kiuno. Umesikia, Mama Janeth?"

Konsolata alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa mlangoni.

"Nimesikia."

*

Siku ya hati viti viliazimwa kanisani na kreti za soda zikapangwa kivulini. Mama Jasmine alikuwa mtu mzima, mnene, amevaa sweta la bluu kwa ajili ya baridi, na alipoongea hakupaza sauti, ila watu walinyamaza wenyewe. Aliita familia moja moja. Kila hati ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, na kila aliyepokea aliigeuza nyuma na mbele, hata wale wasiojua kusoma. Mama mmoja aliibusu. Mwingine aliiweka kifuani ndani ya blauzi, kisha akaitoa, akihofia jasho.

Familia tisa ziliitwa. Konsolata na Hilari waliendelea kukaa. Mtu aliyekuwa anagawa soda aliwaruka, akafika mwisho wa mstari, akarudi nyuma kwa aibu akawapa na wao. Hilari aliishika yake bila kuifungua.

Baadaye waliitwa ndani ya ofisi. Mama Jasmine alikaa nyuma ya meza, Ronald pembeni yake, na ukutani walisimama Silvesta, Bibi Hosiana na Pendo, walioitwa kwa sababu walionekana kwenye picha.

"Nimeiona picha," Mama Jasmine alisema. "Ni nzuri. Bibi amependeza. Sasa nataka kuelewa."

Silvesta alikohoa. Alieleza habari ya kiuno vizuri sana, tangu kilipoanza kuuma mpaka jumuiya ilipokaa kikao cha huruma. Angeishia hapo ingekuwa salama. Lakini Ronald alimgeukia Bibi Hosiana.

"Bibi, Mama Konsolata alikuwa anaumwa nini?"

"Tumbo," Bibi Hosiana alisema upesi, kwa fahari ya kukumbuka.

"Kiuno!" Silvesta alinong'ona kwa sauti iliyofika nje.

"Kiuno," bibi alikubali. "Kilianzia kiunoni kikashukia tumboni."

Dirishani, watu waliokuwa wanasikiliza walicheka. Ronald hakucheka, ila uso wake uligeuka kuwa wa huzuni, na huzuni hiyo ilimwogopesha Hilari kuliko hasira. Mtu akikukasirikia bado mna mazungumzo.

Mama Jasmine alimtazama Pendo. "Wewe ndiye unayefuata, sivyo? Shamba hili likirudi ni lako."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo. Nililima upande wa mkaratusi."

"Mwenzako alikuwa mgonjwa?"

Mtoto mgongoni mwa Pendo alikuwa anachezea rozari ya mama yake, anaitia mdomoni. Pendo aliivuta rozari ile taratibu. Akisema hapana, ekari ni yake, na Kitandililo yote itajua aliipataje. Akisema ndiyo, amesema uongo kwa kinywa chake ili abaki bila shamba. Konsolata alishindwa kuvumilia.

"Msimuulize huyo," alisema. "Sikuwa mgonjwa."

"Mama Janeth!" Hilari alisema.

"Sikuwa na kiuno wala tumbo. Nilikuwa mzima kuliko siku zote. Nilipika komoni, nikaenda mlango kwa mlango, nikaita mgowe. Sharti nililisikia. Huyu kijana alilisema vizuri kabisa, hakukosea kitu. Msimsumbue."

Ronald aliinua macho.

"Uliwalipa?" Mama Jasmine aliuliza.

"Huku hatulipani. Mimi nilishawalimia wao, wao wakanilimia mimi. Wakiita kesho nitaenda."

"Na shamba, umemkodishia mtu?"

"Hapana."

"Kuna mtu anakusimamia nyuma? Mfanyabiashara?"

"Mfanyabiashara ananijulia wapi mimi, mama?"

"Basi kwa nini hukulima mwenyewe? Ronald ameniambia Machi ulilima peke yako, tena unaumwa kweli."

Konsolata alitazama mikono yake. Iliyokuwa safi siku ile sasa ilikuwa na nyufa za kawaida. Alitafuta jibu, na lililokuja aliliona dogo mno kulitoa mbele ya meza, mbele ya mama mwenye sweta aliyetoka Njombe kwa gari.

"Sina la kujibu," alisema.

Aliyedakia ni Pendo, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeongea na mtoto aliye mgongoni.

"Mimi kibarua nakijua, mama. Ndicho kinanilisha. Ningekuwa nimelima la tajiri ningedai changu jioni ile ile, tena nisingeokota mizizi. Lile shamba ni la huyu. Ndiyo maana niliokota."

Mama Jasmine aliinama kuzungumza na Ronald. Hilari aliona midomo ikitembea na hakusikia kitu. Mwishowe mama alichukua mfuko mmoja wa nailoni uliokuwa umebaki juu ya meza, akauweka kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Shamba sichukui," alisema. "Hati narudi nayo Njombe. Sharti ni sharti, na wengine tisa walilitii wakiwa na migongo kama yenu. Nitakuja wakati wa mavuno, nitazame mahindi yanaingia nyumba gani. Yakiingia kwenu, hati nitaileta mwenyewe." Akamgeukia Pendo. "Na wewe, mwanangu, utasubiri. Mwakani tukipata ardhi nyingine jina lako liwe la kwanza."

"Nimeshazoea kusubiri, mama," Pendo alisema. Hakusema kwa ubaya, na pengine ndiyo sababu Mama Jasmine alikawia kunyanyuka kwenye kiti.

*

Walirudi nyumbani kwa njia ya juu, ili wasipite kwa Haruni. Upepo ulikuwa nyuma yao, unawasukuma. Mbele walitembea mume na mke waliopata hati, wanabishana kwa furaha ni nani aibebe, na Hilari alipunguza mwendo mpaka wakapotea kwenye kona. Soda alikuwa nayo mfukoni, haijafunguliwa. Alitaka kumpelekea Janeth.

Ng'ombe wa watu walipita, vumbi likapanda, likashuka.

"Neno moja tu," Hilari alisema mwishowe. "Kiuno. Wangetucheka, wangeandika, sasa hivi ingekuwa mkononi mwangu."

"Na Pendo?"

Hilari alipiga kijiwe kwa ncha ya kiatu. "Kwa Pendo ulifanya vizuri," alikiri. "Pale hata mimi nilimwonea huruma. Lakini siulizi ya leo. Nauliza ya Oktoba."

Konsolata aliendelea kutembea.

"Mvua haikuwa karibu," Hilari alisema. "Usiniambie mvua, mimi siyo Janeth. Wewe ukishika jembe hata trekta linakuheshimu. Ungelima taratibu na binti yako mkamaliza. Shirika lingefurahi, mimi ningefurahi. Badala yake unahangaika na ulezi, unaazima pipa, unapiga magoti kwenye milango ya watu, na sharti umelisikia kwa masikio yako. Nimelala nalifikiria, nimeamka nalifikiria. Sikuelewi, Mama Janeth. Ulitaka nini?"

"Utanicheka."

"Nitacheka na nini? Leo hata meno ya kuchekea sina."

Walikuwa wamefika mahali njia inapopita juu ya mteremko, na chini yao ilikuwa ekari, imetulia, inasubiri mvua na mbegu. Konsolata alisimama. Hakumtazama mumewe. Aliongea taratibu, anachagua maneno kama mtu anayepanda ngazi gizani.

"Tangu nina akili zangu nalima kwa watu. Kwa Haruni, kwa wenye viazi, kwa kila mtu. Na jua likiwa kali, mgongo umekataa, wote tunafanya hivi." Akainua shingo, akaigeuza kidogo. "Tunamtazama mwenye shamba. Akisema, tunakaa. Asiposema, tunainama tena. Nimetazama watu hivyo mpaka shingo imezoea. Basi siku ile uliponiambia tumepata, sikuwaza mahindi, Baba Janeth. Mungu anisamehe, sikuwaza hata hati."

"Uliwaza nini?"

"Nilitaka siku moja wainue shingo, wanitazame mimi. Halafu mimi niseme, jamani, pumzikeni."